Kufunga Kazi za Kompyuta kwenye Prosesa: Jina Moja, Masharti Tofauti

Utangulizi

Makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu yanapofanyiwa usomaji wa vinasaba, kazi ya maabara haiishii kwenye meza ya vipimo. Mashine ya kusoma vinasaba hutoa vipande vingi vifupi vya herufi, na vipande hivyo hulazimika kupangwa kwa kulinganishwa na jenomu ya bakteria inayojulikana, yenye herufi zipatazo milioni 4.4. Jenomu ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, ina herufi takriban milioni 23, na ya binadamu huzidi bilioni 3. Ulinganishaji huo hufanywa na kompyuta. Daktari anayesubiri kujua ni dawa ipi bakteria wamekwisha kuizoea, na mgonjwa anayemeza vidonge huku akisubiri majibu, wote wawili wanaisubiri kompyuta hiyo bila kuiona.

Katika maabara nyingi kompyuta hiyo haina kazi moja tu. Huenda ndiyo inayotunza pia kumbukumbu za wagonjwa, kupokea maombi ya vipimo kutoka wodini na kuchapisha majibu. Uchambuzi wa vinasaba ukiachiwa nguvu zote, dirisha la mapokezi hukwama. Ukibanwa kupita kiasi, majibu huchelewa. Mojawapo ya njia za kugawa nguvu hizo ni kuifunga kila kazi kwenye prosesa maalumu. Makala haya yanaeleza maana ya kufunga huko, kwa nini mifumo endeshi hailingani katika jambo hili, na namna ya kufanya kazi kwa usalama pale masharti yanapotofautiana. Yamekusudiwa wahudumu wa maabara, wasimamizi wa takwimu za hospitali, na wagonjwa wanaopenda kujua kinachoendelea kati ya siku ya kutoa sampuli na siku ya kupewa majibu.

Maana ya kufunga kazi kwenye prosesa

Programu inapokuwa kazini huitwa mchakato. Kompyuta ya kisasa huwa na viini kadhaa vya prosesa, na kila kiini huweza kutekeleza mchakato wake kwa wakati mmoja na vingine. Mfumo endeshi, kama vile Linux au Windows, ndio mgawaji: huupeleka mchakato kwenye kiini kilicho wazi, na baada ya muda mfupi sana huweza kuuhamishia kwingine.

Uhamisho huo una gharama. Kila kiini kina hazina ndogo ya kumbukumbu iliyo karibu nacho, na humo huwekwa taarifa zinazotumika mara kwa mara. Mchakato ukihamishwa, taarifa zake hubaki nyuma, na kiini kipya hulazimika kuzileta upya kutoka kwenye kumbukumbu kuu iliyo mbali na yenye kasi ndogo. Katika seva zenye prosesa mbili au zaidi, kila prosesa huwa na sehemu yake ya kumbukumbu kuu, na kusoma sehemu iliyo upande wa prosesa nyingine huchukua muda mrefu zaidi. Muuguzi aliyekwisha kupanga dawa na mafaili ya wodi yake, kisha akahamishiwa wodi nyingine katikati ya zamu, anaielewa hali hii bila maelezo zaidi.

Kufunga mchakato ni kuuambia mfumo endeshi kwamba mchakato huu utumie kiini hiki tu, au kundi hili la viini tu. Faida zake ni mbili. Kwanza, taarifa hubaki karibu na kazi inayozihitaji. Pili, viini vingine huachwa kwa ajili ya kazi ambazo hazipaswi kusubiri. Katika seva yenye viini 16, uchambuzi wa vinasaba unaweza kufungwa kwenye viini 12, na vinne vikabaki kwa mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ili dirisha la dharura lisikwame kwa sababu ya hesabu ndefu.

Kufunga huko kunahusu kasi na mgawanyo wa kazi. Hakupaswi kubadili jibu la kipimo hata kidogo. Msingi huu ni muhimu, nao utarejewa mbele.

Jina moja, masharti matatu

Mfumo wa Linux uliingiza mwito wa kufunga michakato katika keneli, yaani kitovu cha mfumo, toleo la 2.5.8, mwaka 2002. Mwito huo huitwa sched_setaffinity. Programu nyingi haziongei na keneli moja kwa moja. Hupitia maktaba ya programu iitwayo glibc. Hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Katika toleo la 2.3 la glibc, mwito huo ulihitaji kupewa vitu vitatu kwa mpangilio: namba ya mchakato, ukubwa wa orodha ya prosesa, na orodha yenyewe. Katika toleo la 2.3.3 ukubwa wa orodha uliondolewa, vikabaki vitu viwili. Katika toleo la 2.3.4 ukubwa ulirudishwa, lakini safari hii ukiwa namba ya aina nyingine. Kwa hiyo jina lilikuwa moja, kazi iliyokusudiwa ilikuwa moja, ila masharti ya kuuita mwito huo yakawa matatu katika matoleo yanayofuatana kwa karibu.

Wahudumu wa afya wanalifahamu tatizo la namna hii kutoka mahali pengine. Insulini imewahi kutengenezwa kwa nguvu ya uniti 40 katika kila mililita, na pia kwa uniti 100 katika kila mililita, na kila moja ina bomba lake la sindano. Insulini ya uniti 100 ikivutwa kwa bomba la uniti 40 hadi alama ya 20, mgonjwa hupata nusu mililita, yaani uniti 50 badala ya 20. Jina kwenye chupa ni lilelile na mkono wa muuguzi umefuata mazoea yaleyale, lakini kipimo kimezidi mara mbili na nusu.

Mwito wa kompyuta uliopewa vitu vitatu mahali panapotarajiwa viwili hukosea kwa njia hiyohiyo. Kitu cha pili, ambacho ni ukubwa wa orodha, husomwa kana kwamba ni anwani ya orodha yenyewe. Mfumo hukataa kwa kudai kwamba anwani ni batili, au programu nzima huanguka. Heri zaidi ni pale hitilafu inapogunduliwa mapema, wakati programu inaundwa kutoka kwenye msimbo wake, kwa sababu hapo hakuna sampuli ya mtu inayosubiri.

Hata jibu la mwito halifanani. Mwito wa kusoma orodha ya ruhusa ukipitia glibc hurudisha sifuri unapofaulu. Mwito huohuo ukipelekwa kwa keneli moja kwa moja hurudisha idadi ya baiti zilizonakiliwa, ambayo ni kubwa kuliko sifuri. Mtayarishaji wa programu aliyezoea kwamba sifuri pekee ndiyo heri atauona mwito uliofaulu kuwa umeshindwa.

Tofauti kati ya mifumo

Ukitoka nje ya Linux, tofauti huongezeka. Windows hutumia mwito SetProcessAffinityMask, ambamo kila prosesa huwakilishwa na biti moja. Kwa kuwa orodha hiyo haizidi biti 64, kompyuta zenye prosesa nyingi zaidi hugawanywa katika makundi, na mwito huo wa zamani hautoshi kuyafikia yote. FreeBSD ina mwito wake, cpuset_setaffinity. Solaris ina processor_bind, ambao hufunga kazi kwenye prosesa moja, na AIX ina bindprocessor. Mfumo wa macOS hautoi njia ya kufunga kwa lazima: tangu toleo la 10.5 uliruhusu programu kutoa dokezo tu, kwamba nyuzi fulani za kazi zingependa kuwa karibu, na uamuzi ukabaki kwa mfumo.

Kwa hiyo mhudumu anayesema "tumefunga kazi" katika kompyuta moja huenda ana maana ya amri isiyovunjwa, na mwenzake katika kompyuta nyingine ana maana ya ombi tu. Katika kitabu cha taratibu za maabara, tofauti hiyo inastahili kuandikwa wazi.

Namba za prosesa zisizoaminika

Tatizo jingine limo katika namba zenyewe. Prosesa nyingi za leo huruhusu kiini kimoja kutekeleza nyuzi mbili za kazi kwa pamoja, na mfumo endeshi huzihesabu kana kwamba ni prosesa mbili. Kompyuta yenye viini 8 vya namna hiyo huonekana kuwa na prosesa 16. Katika mashine moja, namba 0 na namba 1 ni viini viwili tofauti, na mwenzake namba 0 ni namba 8. Katika mashine nyingine, namba 0 na namba 1 ni pande mbili za kiini kilekile.

Fundi akifunga kazi mbili nzito kwenye namba 0 na 1, katika mashine ya kwanza kila kazi itapata kiini chake, na katika ya pili zitagombania kiini kimoja. Amri ni ileile na hakuna ujumbe wa kosa, lakini kasi inatofautiana. Ndivyo ilivyo pia kwa kitanda namba 4: bila kutaja wodi, namba hiyo haimpeleki mtu popote kwa uhakika.

Kushindwa kusikoonekana

Kosa linalopiga kelele hurekebishwa. Linalostahili kuogopwa zaidi ni lile la kimya, na katika kufunga michakato yapo ya aina tatu.

La kwanza ni kupunguziwa kimyakimya. Msimamizi wa seva anaweza kuiwekea kazi fulani mipaka, kwa mfano prosesa 4 kati ya 16. Programu ikiomba prosesa zote 16 katika Linux, mfumo hauikatalii. Huipa zile 4 zilizoruhusiwa na kurudisha jibu la kufaulu. Programu hubaki ikiamini kwamba ina 16, ikaanzisha nyuzi 16 za kazi, zikabanana ndani ya nafasi 4. Ni pale tu ambapo hakuna hata prosesa moja kati ya zilizoombwa iliyoruhusiwa ndipo mwito unapokataliwa.

La pili ni urithi. Mchakato uliofungwa ukizaa michakato mingine, watoto hurithi kifungo kilekile. Mtu akifunga kiongozi wa kazi kwenye prosesa moja, kisha kiongozi huyo akaanzisha wachambuzi wanane, wote wanane watakaa kwenye prosesa hiyo moja huku nyingine zikiwa wazi.

La tatu ni mgongano. Kazi mbili zisizojuana, kila moja ikiwa imeandikwa kujifunga kuanzia prosesa namba 0, hukutana palepale. Kila moja peke yake ilipimwa ikaonekana ina kasi. Zikiwa pamoja, kila moja hupata karibu nusu ya nguvu, na mashine iliyobaki hukaa bila kazi.

Katika yote matatu majibu ya vipimo hubaki sahihi. Hayafiki kwa wakati. Msimamizi huona seva yenye nafasi kubwa, maabara huona foleni inayorefuka, na hakuna ujumbe wowote wa kosa unaounganisha mambo hayo mawili.

Njia iliyopatikana: kuuliza mashine yenyewe

Wataalamu wa mradi wa Open MPI, ambao hutengeneza programu za kuunganisha kompyuta nyingi katika hesabu moja, walikabili utatanishi wa glibc kwa kuandika maktaba ndogo iitwayo PLPA. Badala ya kukisia toleo la glibc, maktaba hiyo iliipita na kupeleka mwito kwa keneli moja kwa moja. Kisha, kabla ya kutumika, iliijaribu keneli wakati programu ikiwa kazini: iliuliza, ikasoma jibu au aina ya kosa lililorudishwa, na kwa hilo ikatambua masharti yanayotumika katika mashine hiyo. Programu iliyoundwa mara moja iliweza hivyo kutumika katika mashine zenye matoleo tofauti.

Mbinu ya kuuliza hivyo bado ina kazi leo. Orodha ya kawaida ya glibc ina nafasi ya prosesa 1024. Keneli iliyoandaliwa kwa prosesa nyingi zaidi huikataa orodha hiyo kuwa ni fupi. Programu iliyoandikwa vizuri haikati tamaa hapo. Huongeza ukubwa wa orodha mara mbili na kuuliza tena, hadi ikubaliwe.

Mwaka 2009 kazi ya PLPA iliunganishwa na ile ya watafiti wa taasisi ya INRIA ya Ufaransa, ikazaliwa maktaba ya hwloc. Maktaba hii huisoma mashine, ikachora mpangilio wa prosesa, viini na kumbukumbu zake, na kuvipa namba kwa kufuata ukaribu wake halisi. Vilevile huficha tofauti za Linux, Windows, FreeBSD, Solaris, AIX na mifumo mingine nyuma ya miito yenye sura moja. Pale ambapo mfumo hauwezi kufunga kazi, hwloc husema hivyo waziwazi.

Hatua za kufuata katika maabara

1. Tazama mashine kabla ya kuamuru. Programu ya lstopo, inayotolewa pamoja na hwloc, huonyesha kwa mchoro ni namba zipi zimo katika kiini kimoja na ni kumbukumbu ipi iko karibu na prosesa ipi. Mchoro huo uhifadhiwe pamoja na nyaraka za mashine.

2. Uliza ruhusa ulizo nazo. Katika Linux, amri ya nproc hutaja idadi ya prosesa ambazo mchakato unaweza kuzitumia, na mstari wa Cpus_allowed_list katika faili la /proc/self/status huzitaja kwa namba. Idadi ya nyuzi za kazi itokane na jibu hilo. Idadi iliyoandikwa kwenye kasha la kompyuta isitumiwe.

3. Tumia tabaka la kati. Msimbo wa maabara usiite miito ya mfumo mmoja moja kwa moja kama kuna maktaba ya hwloc. Kwa kazi ndogo, amri ya hwloc-bind, au taskset katika Linux, yatosha.

4. Soma tena baada ya kufunga. Jibu la kufaulu si ushahidi kamili, kwa sababu mfumo huweza kupunguza kimyakimya. Orodha isomwe upya na ilinganishwe na iliyoombwa, kama vile muuguzi anavyosoma lebo ya dawa kwa mara nyingine kabla ya kumpa mgonjwa.

5. Kushindwa kufunga kusizuie uchambuzi. Programu iendelee bila kifungo na iandike tukio hilo katika daftari la mashine. Sampuli isikwame kwa sababu ya jambo linalohusu kasi pekee.

6. Mgawaji awe mmoja. Kazi nyingi zikitumia seva moja, ugawaji wa prosesa ufanywe na msimamizi mmoja au programu moja ya foleni, kila kazi isijichagulie.

7. Pima kwa sampuli ya udhibiti. Sampuli ambayo majibu yake yanajulikana ichambuliwe mara mbili, kazi ikiwa imefungwa na isipofungwa. Matokeo ya kitabibu lazima yawe yaleyale. Yakitofautiana, programu ina kasoro nyingine, na isitumike kutoa majibu ya wagonjwa hadi kasoro hiyo ipatikane.

8. Rudia baada ya kila badiliko. Toleo jipya la mfumo endeshi, seva mpya au kuhamishia kazi katika mashine ya kukodi huweza kubadili masharti na namba. Hatua ya 1 hadi ya 4 zifanywe tena.

Mgonjwa anahusikaje?

Mgonjwa hana haja ya kukariri majina ya miito ya kompyuta. Hata hivyo, yafaa ajue kwamba muda wa kusubiri majibu una sehemu kadhaa: kusafirisha sampuli, kuotesha au kusoma vinasaba, kuchambua kwa kompyuta, na kuhakiki. Sehemu ya kompyuta ikicheleweshwa na mpangilio mbovu, hilo ni jambo linalorekebishika, na maabara inapaswa kuweza kulieleza kwa lugha nyepesi. Mgonjwa anayetumia dawa za kifua kikuu asiziache kwa sababu majibu ya vinasaba yamechelewa. Aendelee kama alivyoelekezwa na amuulize mhudumu wake lini atapata majibu.

Hitimisho

Tofauti za mifumo endeshi katika kufunga michakato hazitakwisha karibuni, kwa kuwa kila mfumo ulijengwa na watu wengine kwa mahitaji mengine. Maabara haiwezi kuzifuta, lakini inaweza kuzuia zisimfikie mgonjwa. Kinachohitajika ni mazoea ambayo wahudumu wa afya tayari wanayo katika utoaji wa dawa: kutotegemea jina pekee, kuhakiki kipimo mahali kinapotumika, kusoma tena baada ya kutenda, na kuandika kilichotokea. Seva inayotunzwa kwa mazoea hayo huiwezesha maabara kutoa majibu siku iliyoahidiwa.